Ndege Iliyoanguka Jangwani: Habari za Rubani Roald Dahl

Ndugu wasomaji, mambo yaliyopita hutufikia kwa njia mbili: kwa kinywa cha aliyeyaona, na kwa maandiko. Wengi hudhani ya kuwa kinywa chaweza kukosea, bali maandiko hayakosei, maana yamekwisha kupigwa chapa. Katika habari tunayowaletea mwezi huu mtaona ya kwamba jambo lililopigwa chapa laweza kupotoka vilevile, tena laweza kupotoka katika habari za mtu aliyekuwa shujaa kweli, asiyekuwa na haja hata kidogo ya kuongezewa sifa.

Mtu huyo ni Roald Dahl. Watoto wa nchi nyingi wamjua kwa vitabu vyake vya hadithi, lakini kabla hajaandika kitabu alikuwa rubani wa ndege za kupigana katika vita kuu vya 1939 hata 1945, na safari yake ya vita ilianzia Afrika ya Mashariki. Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, karibu na mji wa Cardiff katika nchi ya Wales. Wazazi wake walikuwa watu wa Norwei. Baba yake alifariki mwaka 1920, naye mtoto alikuwa wa miaka mitatu tu. Alipomaliza shule aliingia mwaka 1934 katika kazi ya kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1938 akatumwa Dar es Salaam. Huko alijifunza Kiswahili, akawa akisafiri huku na huku kwa kazi ya kuuza mafuta.

Vita vilipotangazwa tarehe 3 Septemba 1939, palikuwa na Wajerumani wengi waliokaa Tanganyika, kwa sababu nchi hiyo ilikuwa yao kabla Waingereza hawajaitwaa katika vita vya kwanza. Serikali iliogopa wasije wakatoroka kwenda nchi ya Wareno upande wa kusini. Dahl asimulia ya kuwa yeye, asiyekuwa askari, alipewa kuongoza kikosi cha askari Waafrika, akatumwa kuifunga njia ya kusini na kuwakamata. Kijana mwenye miaka 22, asiyejua amri moja ya vita, alisimama mbele ya watu waliokuwa wamefundishwa kazi hiyo, nao ndio waliomwonyesha namna ya kuifanya.

Mwezi wa Novemba 1939 aliendesha motakaa yake kutoka Dar es Salaam hata Nairobi, mwendo wa zaidi ya maili 500, akajiandikisha katika Jeshi la Ndege la Uingereza. Alikuwa mrefu mno, futi sita na inchi sita, na kiti cha rubani ni chembamba kama mtungi, lakini walimkubali. Alijifunza kwa eropleni ndogo iitwayo Tiger Moth, na baada ya muda wa saa saba na dakika arobaini za kufundishwa aliruhusiwa kupaa peke yake. Asema ya kuwa vijana waliofundishwa pamoja naye Nairobi walikuwa 16 kwa jumla, na katika hao 13 waliuawa angani kabla miaka miwili haijapita. Na tuikumbuke hesabu hiyo, maana yatuonyesha jinsi kazi ile ilivyokuwa.

Kutoka Nairobi walipelekwa Habbaniya katika nchi ya Iraq, kando ya mto Frati, upande wa magharibi wa Baghdad. Huko walifundishwa muda wa nusu mwaka hivi kutumia bunduki zilizofungwa katika ndege. Yafaa tueleze jambo hili kwa wasioijua kazi hiyo. Katika ndege ya kupigana ya siku zile rubani alikuwa peke yake. Bombomu zake zilikuwa zimekazwa, hazigeuki, basi alipotaka kulenga shabaha alilazimika kuigeuza ndege nzima imwelekee adui. Mkono mmoja uliongoza, mwingine ulitawala nguvu za injini, macho yalitazama mbele, nyuma, juu na chini. Aliyesahau kutazama nyuma kwa muda wa pumzi chache mara nyingi hakupata nafasi ya kutazama tena.

Mwaka 1940 Dahl alipewa cheo cha ofisa, akatiwa katika kikosi cha 80, kilichokuwa katika jangwa la Misri kupigana na Wataliani. Ndege za kikosi hicho ziliitwa Gladiator. Zilikuwa za namna ya zamani, zenye mabawa mawili moja juu ya jingine, na bombomu nne. Tarehe 19 Septemba 1940 aliamriwa kuichukua Gladiator moja kutoka upande wa Mfereji wa Suez hata kambi ya kikosi chake jangwani. Alitua mara mbili njiani kutia petroli, na mara ya pili, mahali paitwapo Fouka, alielezwa upande wa kwenda: kambi iko kusini ya mji wa Mersa Matruh, mwendo wa maili kama thelathini.

Alikwenda alikoelezwa, asiione kambi. Alizunguka juu ya mchanga na mawe, jua likazidi kushuka, na petroli ikazidi kupungua. Hakuwa na la kufanya ila kutua jangwani kabla ya giza kuingia. Magurudumu yakapiga mwamba, ndege ikachimba mchanga kwa pua, na kichwa chake kikagonga mbele kwa nguvu. Fuvu lilipata ufa, pua ikapondeka, macho yakavimba hata hakuona tena. Petroli ilipowaka moto alijikokota kutoka, huku risasi za ndege yake mwenyewe zikilipuka katika moto na kuruka ovyo. Askari wa Kiingereza walimwokota wakamchukua Mersa Matruh, na kutoka huko akapelekwa kwa gari la moshi hospitali ya Iskanderia. Alikaa kipofu kwa majuma mengi. Baadaye alieleza ya kuwa jeshi lilichunguza jambo lile, likaona kwamba mahali alipoelekezwa palikuwa pamekosewa kabisa; alikuwa ametumwa katika nchi tupu iliyo kati ya majeshi mawili.

Basi, wasomaji, shikeni neno hili: siku ile hapakuwa na ndege ya adui, wala risasi ya adui haikumpata. Ilikuwa ni ajali, na asili yake ni maelezo mabaya.

Waganga walidhani hatapaa tena. Lakini mapema mwaka 1941 alipimwa akaonekana kuwa mzima, akaomba kurudi kikosini. Kikosi cha 80 kilikuwa kimehamia Uyunani, nchi ambayo siku hizi huitwa Ugiriki, nacho kilikuwa kimepewa ndege mpya ziitwazo Hurricane, zenye bombomu nane na mwendo wa kasi kuliko Gladiator. Dahl asema alipewa siku chache tu za kuizoea, kisha akaambiwa airushe peke yake juu ya bahari hata Uyunani. Mtu aliyevunjika kichwa kwa kuanguka, aliyekaa gizani majuma mengi asijue kama ataona tena, akakubali kuketi mara ya pili katika kiti kilekile chembamba. Sisi twaona ya kuwa hapo ndipo ushujaa wake ulipo, nao hauhitaji kuongezwa neno.

Alifika katikati ya Aprili 1941, akakuta hali mbaya. Wajerumani walikuwa wameingia Uyunani tarehe 6 Aprili wakiwa na ndege kwa mamia, na Hurricane za Waingereza zilizobaki zilikuwa kama kumi na tano. Kambi yao ilikuwa Eleusis, karibu na Athene, mji ule aliohubiri Mtume Paulo. Tarehe 15 Aprili Dahl alipaa peke yake akakutana na ndege sita za Wajerumani ziitwazo Ju 88, zenye injini mbili na za kutupa mabomu, zikiwa zinashambulia meli karibu na mji wa Chalcis. Akaangusha moja. Kesho yake akaangusha nyingine.

Tarehe 20 Aprili Waingereza walipandisha juu ya Athene Hurricane zote zilizoweza kuruka. Aliyeziongoza alikuwa Pat Pattle, aliyezaliwa Butterworth katika Afrika ya Kusini mwaka 1914, na wengi humhesabu kuwa rubani aliyeangusha ndege nyingi kuliko marubani wote wa jeshi la Uingereza katika vita vile. Siku ile alikuwa na homa, lakini alipaa. Ndege za Wajerumani ziliwazunguka kama nyuki waliochokozwa mzingani. Walioona walisema ya kuwa Pattle alionekana mara ya mwisho akishuka kumsaidia mwenzake aliyefukuzwa, kisha ndege yake ikaanguka katika ghuba ya Eleusis. Marubani wengine pia walikufa siku ile. Dahl alirudi amelowa jasho, akashindwa hata kuwasha sigara kwa kutetemeka mikono.

Watu waliotazama kutoka chini walihesabu ndege 22 za Wajerumani zilizoanguka, lakini marubani wenyewe hawakuweza kusema nani aliangusha ipi. Kwa nini? Kwa sababu angani mambo hupita upesi mno. Watu watatu waweza kuipiga ndege moja, na kila mmoja akaamini kwa moyo safi ya kuwa ni yake. Ndege inayotoka moshi yaweza kufika kwao salama. Na rubani akikawia kutazama kama adui ameanguka, ataanguka yeye. Hata hesabu ya Pattle mwenyewe haijakubaliwa na wote, kwa kuwa daftari nyingi za vikosi zilipotea Waingereza walipokimbia kutoka Uyunani. Wengine humhesabia 40 na zaidi, wengine 50 na zaidi.

Hilo halikutokea Uyunani tu. Tarehe 15 Septemba 1940, katika vita vya juu ya Uingereza, ilitangazwa ya kuwa Wajerumani wamepotewa na ndege 185. Vita vilipokwisha, daftari za Wajerumani zikafunuliwa, zikaonyesha zipatazo 60 tu. Marubani hawakuwa waongo. Ila tangazo lilitolewa upesi, na taifa lilikuwa na kiu ya habari njema. Sheria ya Musa ilitaka mashahidi wawili au watatu kabla ya kulithibitisha neno, na twaona ya kuwa hekima ile yafaa hata angani.

Siku chache baada ya vita vya Athene, waliobaki waliondolewa wakarudi Misri, na tarehe 27 Aprili Wajerumani wakaingia mjini. Mwezi wa Juni Dahl alikuwa Haifa, chini ya mlima wa Karmeli, ambako kikosi chake kilipigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy waliotawala Syria, na Wajerumani pia. Tarehe 8 Juni aliangusha ndege ya Wafaransa, na tarehe 15 Juni ndege moja ya Wajerumani. Lakini kichwa kilichopasuka jangwani kilianza kumlipiza. Alishikwa na maumivu makali, na mara nyingine akapoteza fahamu kwa kitambo. Mtu akipotewa na fahamu akiwa angani, amekufa. Waganga wakamkataza kupaa, naye akarudishwa kwao. Waliochunguza baada ya vita, wakilinganisha daftari za pande zote mbili, wamemhesabia ndege tano. Vita vyake vya angani vilidumu miezi miwili tu.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1942 Dahl alitumwa Washington, mji mkuu wa Marekani, kufanya kazi katika ubalozi wa Uingereza. Marekani ilikuwa imekwisha kuingia vitani, na Waingereza walitaka sana Wamarekani wawapende na kuwaonea imani. Mwandishi mmoja maarufu, C. S. Forester, alimwomba Dahl amwandikie kwa kifupi jambo lililompata vitani, ili alitengeneze liwe habari ya gazeti. Dahl aliandika vizuri hata Forester akaona hakuna la kutengeneza. Habari ile ilitokea katika gazeti la Saturday Evening Post mwezi wa Agosti 1942, nayo ikapewa kichwa kisemacho ya kuwa rubani ameangushwa na adui juu ya Libya.

Wasomaji, pimeni maneno hayo kwa yale tuliyoeleza. Hakuangushwa. Tena Mersa Matruh ni mji wa Misri, wala si wa Libya. Wasomaji wa Marekani waliisoma habari ile wakaipenda, na kwa miaka mingi watu waliendelea kusimulia ya kuwa Roald Dahl aliangushwa na risasi za adui.

Kwa nini mambo yaligeuzwa? Hatupendi kumtwika mtu mmoja mzigo wote. Nyakati za vita magazeti hutafuta mashujaa kama wenye njaa watafutavyo chakula. Kuanguka kwa sababu ya kuelekezwa vibaya si habari ya kuwatia watu moyo. Kuangushwa na adui ni habari ya kupigiwa makofi. Wahenga wetu walinena: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Naye mnywaji huridhika, kwa kuwa kibuyu kimejaa.

Baada ya miaka mingi Dahl mwenyewe aliliweka jambo sawa. Katika kitabu chake Going Solo, kilichotolewa mwaka 1986, alieleza waziwazi ya kuwa hapakuwa na adui siku ile, ila giza, petroli iliyokwisha, na maelezo yaliyokosewa. Twamsifu kwa hilo, maana ni vigumu mtu kujivua vazi ambalo watu wamezoea kumwona nalo.

Hata hivyo lilibaki neno moja. Katika kitabu hicho yuko peke yake jangwani mpaka walipofika waokozi. Lakini Donald Sturrock, aliyeandika maisha yake katika kitabu cha mwaka 2010, ameonyesha ya kuwa rubani mwenzake alikuwa akiruka pamoja naye siku ile katika Gladiator nyingine. Huyo alitua karibu naye salama, akakaa na yule majeruhi usiku kucha katika baridi ya jangwa, mahali ambapo adui angeweza kutokea wakati wowote. Hakumwacha. Mtu huyo hakuangusha ndege usiku ule, wala hakupiga risasi moja. Alifanya kama yule Msamaria, akakaa na aliyelala njiani. Na katika habari ya 1986 hayumo.

Hapa, ndugu zetu, ndipo penye fundisho la habari hii. Watu husema, kuna ubaya gani kuikuza hadithi ya shujaa? Nani ameumizwa? Sisi twajibu ya kuwa yuko aliyeumizwa. Habari ilipogeuzwa kuwa risasi ya adui, kosa la aliyeelekeza vibaya lilifunikwa, na kosa lililofunikwa laweza kumwua rubani mwingine kesho. Na shujaa alipofanywa kuwa peke yake, rafiki aliyekesha naye alifutwa. Sifa iliyozidi mahali pamoja huwa imepunguzwa mahali pengine. Ndiyo maana amri ya kutoshuhudia uongo haikusema juu ya kumchongea mtu tu. Hata sifa ya uongo ni ushuhuda wa uongo.

Wala tusidhani ya kuwa kusema kweli ni kumvunjia mtu heshima. Mtoeni Dahl ile risasi ya adui, mtaona bado kuna kijana aliyekuwa kipofu na kuinuka, akaruka tena, akaliona jeshi kubwa juu ya Athene asikimbie. Wala hatusemi alikuwa mtakatifu. Mwaka 1983 alinena maneno mabaya juu ya Wayahudi, hata mwaka 2020 jamaa zake wakaona yawapasa kuomba radhi kwa ajili yake, naye alikuwa amekwisha kufariki tangu 1990. Mtu mmoja huwa na mambo mengi, na historia yatakiwa kuyachukua yote.

Neno hili latugusa hata sisi vijijini. Katika vita vilevile watu wa nchi zetu kwa maelfu walikwenda na jeshi la King's African Rifles, wakapigana Uhabeshi na Burma. Karibu wote wamekwisha kulala, lakini masimulizi yao yangaliko kwa watoto na wajukuu. Twawaomba wenye kujua kusoma na kuandika wakae na wazee waliosikia kwa vinywa vya wale askari, wayaandike maneno yao na majina. Msiandike tu aliyepiga risasi. Ulizeni nani aliyebeba majeruhi, nani aliyepika, nani aliyekaa na mwenzake usiku. Na mzee akisema kwamba babu yenu aliugua homa tu njiani, hakupigwa na risasi, andikeni homa. Homa ile ilikuwa yake, na safari aliyoifanya nayo ilikuwa ya kweli.